Anaporudi Kutoka Saudia: Kazi ya Jirani Anayejitolea

Wengi wanaorudi kutoka kazi za nyumbani Saudia hufika usiku. Ndege imetua Nairobi asubuhi, lakini mtu husubiri basi la usiku ili aingie Mombasa kabla ya adhana ya alfajiri, mtaa ungali umelala. Dada mmoja wa Likoni aliniambia kwamba nauli ya kusafiri asubuhi ile ile alikuwa nayo. Alikaa kwenye kituo cha basi kutwa nzima na kikombe kimoja cha chai ya rangi mpaka giza lilipoingia, kwa sababu hakutaka wanawake wanaoteka maji bombani wamwone akishuka.

Nilipomtembelea mara ya kwanza, siku ya tatu tangu afike, sanduku lake lilikuwa pembeni mwa chumba, limefungwa kamba, halijaguswa. Mamake alinivuta kando. "Mwanangu, watoto wanauliza zawadi, majirani nao wanauliza. Hebu mwambie alifungue." Sikumwambia. Niliketi nikamsaidia mama kuchambua mchele, tukazungumza bei ya nazi, nikaaga. Nilirudi Alhamisi, na wiki iliyofuata nikarudi tena. Sanduku lilifunguliwa katika ziara ya nne, na alilifungua mwenyewe. Ndani hamkuwa na zawadi hata moja. Mlikuwa na nguo kuukuu alizozijaza ili sanduku lionekane zito wakati wa kushuka garini. Ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake.

Nimeanza na sanduku hilo kwa sababu watu wanaotaka kujitolea katika kazi hii huja na swali moja: waliorudi tuwape nini? Cherehani, kuku, mtaji wa genge? Swali hilo lina nafasi yake, lakini likitangulia huharibu. Kabla ya kumpa mtu kitu, inabidi kujua amerudi na mzigo gani, na nani anamsubiri mlangoni.

Kwa lugha ya mashirika jambo hili huitwa kuwajumuisha upya wahamiaji waliorejea. Mtaani tunasema mtu "anajipanga upya". Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, hulitazama kwa pande tatu. Kuna upande wa uchumi, yaani kazi na kipato. Kuna upande wa jamii: makazi, shule, hospitali, hati, na uhusiano na watu. Na kuna upande wa nafsi: usingizi, hofu, aibu, na uwezo wa mtu kujithamini tena. Mkataba wa kimataifa kuhusu uhamiaji salama uliopitishwa Marrakesh, Morocco, Desemba 2018 nao umelitaja katika lengo lake la 21, linalozitaka nchi zishirikiane ili watu warudi kwa usalama na heshima, na wakirudi watulie kwa kudumu.

Kwenye karatasi pande hizo tatu ni kama vyumba vitatu. Nyumbani kwa mtu ni chumba kimoja, tena kina watu saba. Asiyepata usingizi hawezi kuamka saa kumi za usiku kukanda unga wa mahamri. Anayedaiwa na shemeji hawezi kuweka faida ya mahamri hata wiki moja, maana shemeji anajua saa anayofunga meza. Na yule ambaye mumewe ameoa mke mwingine kwa pesa alizokuwa akituma, hata ukimpa duka zima, atakaa ndani yake akiutazama ukuta. Ndiyo maana mtaji unaotolewa peke yake hupotea haraka, na waliotoa huandika kwamba mnufaika hakuwa makini.

Mlango aliotokea

Kitu cha kwanza kinachowachanganya wanaojitolea ni kwamba watu wawili waliofanya kazi mji mmoja, kwa mshahara ule ule, wanaweza kurudi wakiwa na haki tofauti kabisa. Inategemea walitokea mlango gani.

Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wa mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri wake, kafili. Akiondoka nyumba ile bila idhini, anaweza kuhesabiwa mtoro kisheria hata kama amekimbia kipigo. Mageuzi ya Machi 2021 yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi wa kigeni nchini Saudia kubadili mwajiri hayakuwagusa wa majumbani. Kwa hiyo kuna anayemaliza mkataba wake wa miaka miwili, akakatiwa tiketi, akarudi na pasipoti mkononi. Kuna aliyerudishwa na ofisi ya wakala wa kule, ambayo wenyewe huiita maktabu, baada ya kugombana na mwajiri. Kuna aliyetoroka, akafanya vibarua mjini bila karatasi, hao wanaoitwa "kemboi", kisha akakamatwa au akajisalimisha na kupitia tarhil, yaani kituo cha kuwarudisha watu makwao. Huyo mara nyingi hufika na hati ya dharura ya safari moja na nguo alizovaa.

Sasa tazama msaada unavyogawanywa. Miradi ya IOM huwahudumia zaidi waliorudi kupitia mpango wa shirika lenyewe, wakiwa wameandikishwa kabla ya kupanda ndege. Aliyebainika kuwa alisafirishwa kiharamu analindwa na Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010, ambayo pia ilianzisha mfuko wa kuwasaidia waathiriwa. Aliyemaliza mkataba wake vizuri hahesabiwi kuwa na shida. Na aliyepitia tarhil, mwenye hali mbaya kuliko wote, ndiye ambaye kwa kawaida hayumo katika orodha ya mtu yeyote.

Anayejitolea asipoyajua haya ataahidi asichoweza kutimiza. Nimeona mtu akipita nyumba kwa nyumba na daftari, akiandika majina na nambari za simu, akisema "kuna mradi unakuja". Watu walingoja mwaka mzima. Mlango ule sasa haufunguki kwa yeyote mwenye daftari, hata awe na nia njema namna gani. Mimi siandiki jina la mtu siku ya kwanza.

Neno linaloweza kumwumiza

Pwani yetu ina jambo ambalo miongozo ya mashirika, inayoandikwa Geneva, haiwezi kuliona. Katika Kwale, Mombasa na Kilifi, ukisema kwa sauti "amerudi" au ukatumia lile neno la Kiingereza la mtu aliyerejea, "returnee", wazee wengi hawafikirii Saudia. Wanafikiria Somalia. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliokuwa wamejiunga na al-Shabaab, kundi la wapiganaji la Somalia, wakajisalimisha. Tangu hapo neno hilo likabeba hofu. Kulikuwa na waliojisalimisha wakauawa, na kulikuwa na familia zilizohama mtaa.

Kwa hiyo ukiitisha mkutano wa "waliorejea" kwenye uwanja wa chifu, umemwalika dada aliyekuwa akiosha vyombo Riyadh akae chini ya bango linalomfanya ashukiwe. Hatakuja. Akija, kesho yake kijana wa maskani atamwuliza alikuwa wapi hasa. Sisi tunasema "waliokuwa kazini nje", na mkutano tunauita jina la shughuli yenyewe: kikao cha akiba, darasa la kushona, siku ya kupima presha. Watu wanaohusika wanajua. Wasiohusika hawana haja ya kujua.

Ziara ya kwanza

Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kama Shirika la Afya Duniani, WHO, lilivyoieleza katika mwongozo wake wa 2011, ina mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Imetungwa ili mtu asiye daktari aweze kuitumia, na ndiyo msingi wa kazi ya anayejitolea.

Kutazama ni kuona kama kuna hatari ya leo: ana jeraha, ana homa, anazungumza kujidhuru, kuna mtu ndani ya nyumba anayemtisha? Kusikiliza ni kukaa. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, tena kwa huruma. Tunaamini mtu "akitoa yote" atapona, basi tunamhimiza asimulie mwanzo mpaka mwisho. Wataalamu wa WHO wameshauri kinyume chake: kumsukuma mtu arudie tukio zima mara tu baada ya mkasa hakumkingi na maradhi ya akili, na kunaweza kumzidishia. Swali lako la kwanza liwe juu ya leo. Umelala? Umekula? Mtoto amekutambua?

Hilo la mwisho si dogo. Mama aliyemwacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu anarudi akute mtoto wa miaka minne anayemwita bibi yake "mama", na yeye anamwita "shangazi". Nimemwona mwanamke mzima akitoka nje kulia nyuma ya jiko kwa neno hilo moja. Usimkemee mtoto, wala usimwache bibi akamkemea. Mwambie mama ampikie, amwogeshe, amsindikize madrasa, na asitafute jina. Jina litakuja baadaye.

Kuunganisha ndiyo kazi yenyewe. Anayejitolea hatibu, hakopeshi, hashitaki. Anajua mlango uko wapi, na anamsindikiza mtu hadi mlangoni. Laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199, inatoa ushauri wa kisaikolojia kwa simu. Laini ya 1195 ni ya wanaokabiliwa na ukatili wa kijinsia. Usimpe tu nambari kwenye karatasi. Keti naye apige ukiwepo, kisha toka nje azungumze peke yake.

Daftari la miraba

Sasa nije kwenye pesa, kwa sababu ndizo zinazovunja nyumba nyingi kuliko kipigo cha mwajiri.

Mshahara wa kawaida wa kazi za nyumbani Saudia ni kama riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi, yaani shilingi elfu thelathini na kidogo. Mtaa unazidisha. Mtaa unajua kwamba fedha zinazotumwa na Wakenya walio nje zilipita dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na kwamba Saudia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kuzileta. Kwa hiyo anayerudi bila nyumba ya mawe anaonekana mbadhirifu, au mwenye tabia mbaya, au mwenye kuficha.

Kitu kimoja kinachosaidia ni daftari la shule la miraba. Katika nyumba moja tulikaa watu watano: dada mwenyewe, mamake, mjomba wake, mzee wa mtaa na mimi. Tulimwomba mama taarifa ya M-Pesa ya simu yake. Upande wa kushoto tukaandika kila kilichoingia, upande wa kulia kazi iliyofanywa na pesa hizo. Binti alikuwa ametuma shilingi 18,000 kwa mwezi kwa miezi 14. Mjomba alipiga hesabu kwa sauti: elfu mia mbili hamsini na mbili. Akanyamaza. Upande wa kulia palikuwa na karo ya wadogo wawili, mabati ya paa tulilokuwa tumekaa chini yake, deni la ajenti, na mazishi ya babu, ambayo mjomba mwenyewe ndiye aliyeyasimamia. Tangu binti afike, mjomba alikuwa akisema "huyu amerudi mikono mitupu". Siku ile aliinuka akaenda dukani akarudi na sukari na majani ya chai. Kwa jinsi ninavyomjua, hiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi.

Kikao kama hicho kina masharti. Mwenye pesa akubali kwanza, maana zipo alizotuma kwingine na hataki zijulikane. Asiwepo mdai. Na kitabu kikiisha kuandikwa kibaki kwake, kisibaki kwa anayejitolea. Madeni yanayobaki yapangwe papo hapo nani analipwa kwanza: mkopeshaji wa mtaani anayehesabu riba kwa wiki atangulie, jamaa wasubiri. Jamaa wataudhika. Mzee wa mtaa yuko pale kwa ajili hiyo.

Ajenti ni nani

Hapa pana fundo gumu, na mafunzo ya siku mbili hotelini hulipita haraka mno. Katika nyumba ninazozijua, mtu wa kwanza kuleta habari ya kazi Saudia hakuwa mgeni mwenye gari jeusi. Alikuwa shangazi, mke wa jirani, rafiki wa shule, mtu wa msikiti au kanisa moja na familia. Alilipwa kamisheni kwa kila msichana aliyempeleka ofisini mjini. Mara nyingine yeye mwenyewe aliwahi kwenda, akarudi salama, na aliamini anafanya wema.

Basi anayejitolea akisimama barazani kuwalaani mawakala, anamlaani shangazi aliyeketi mstari wa pili. Familia itamlinda shangazi, na aliyerudi ndiye ataonekana ameleta aibu ya pili. Na bado kosa lipo. Sheria ya 2010 inaadhibu usafirishaji haramu wa binadamu kwa kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, na kukubali kwa mwathiriwa hakumkingi mhalifu ikiwa kibali kilipatikana kwa hadaa. Msichana aliyekubali kwenda kuwa keshia akajikuta anafungiwa jikoni hajapoteza haki yake kwa sababu alipanda ndege kwa miguu yake.

Nifanyeje basi? Naitenganisha njia ya sheria na ziara za nyumbani. Ushahidi unakusanywa mapema na kimya: mkataba au picha yake, jumbe za sauti za WhatsApp, stakabadhi za M-Pesa alizolipwa ajenti, karatasi za hospitali, muhuri wa pasipoti. Simu ndiyo sanduku la ushahidi, na watu huiuza wiki ya kwanza ili wale, kwa hiyo nakili kila kitu kabla haijauzwa. Uamuzi wa kushtaki ni wake, hata kama utachukua mwaka. Akiamua, tunamkabidhi kwa shirika lenye mawakili, na mimi najitoa katika upande huo, nabaki kuwa mtu wa kuchambua mchele na mamake. Mtu mmoja akifanya kazi zote mbili, mtaa utamfungia mlango na shahidi atabaki peke yake.

Jambo hilo hilo linahusu kuwatumia waliorudi kuwaonya wengine. Kuna mpango wa IOM wa Afrika Magharibi, ulioanza 2017 Senegal, Guinea na Nigeria, ambao waliorudi hujitolea kuwa wajumbe. Wanafunzwa kurekodi video, wanahojiana wao kwa wao, wanapeleka simulizi kwenye vijiji vyao. Ninachokipenda ni kwamba mjumbe ndiye anayechagua aseme nini, baada ya mafunzo, akiwa na wenzake. Hilo ni tofauti kabisa na kumsimamisha msichana aliyefika juzi mbele ya kipaza sauti, alie, watu wapige picha, kisha aende nyumbani kwa bodaboda akiwa amejulikana mtaa mzima kwa jambo baya kuliko yote yaliyompata.

Karatasi

Haya ni mepesi ila yanakula siku. Laini ya simu isiyotumika muda mrefu hufungwa, na pamoja nayo M-Pesa, kwa hiyo airudishe mapema au asajili mpya. Kitambulisho kikiwa kimepotea, aanze kwa polisi na kwa chifu. Ajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya afya, NHIF, Oktoba 2024. Wengi waliokuwa nje wakati huo hawajui hata kwamba kadi ya zamani imekufa. Kujisajili tu, kabla ya kulipa chochote, kunamwezesha kutibiwa huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma vilivyo kwenye mpango huo.

Anayerudi na mtoto aliyezaliwa kule ana safari ndefu zaidi, hasa kama alijifungua nje ya ndoa na hakuthubutu kuandikisha uzazi. Kifungu cha 14 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kiko wazi: mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au kwingine. Kazi iliyobaki ni kuthibitisha, na hapo mama anahitaji mtu wa kwenda naye ofisini mara ya tatu na ya nne, atakapokuwa amechoka kuulizwa baba ni nani.

Mtaji, kwa wakati wake

Ukifika wakati wa mtaji, usianzie kwenye orodha ya miradi. Anzia kwenye kile anachokijua sasa ambacho hakukijua alipoondoka. Kuna aliyejifunza kupika kabsa na mandi, wali wa nyama wa Kiarabu, kwa watu thelathini. Kuna anayesema Kiarabu cha nyumbani, kuna aliyemlea mzee mgonjwa miaka miwili na anajua kumgeuza kitandani bila kumwumiza. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hufanya majaribio ya ufundi na kutoa vyeti, na mtu mwenye ujuzi wa mikono asiye na cheti anaweza kuanzia hapo.

Hazina ya Uwezo, ya serikali, hukopesha vikundi vilivyosajiliwa. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, inaanzia shilingi 500 kwa simu. Lakini kwa aliyerudi na madeni, mkopo wa haraka ni kuongeza mdai mwingine. Mimi humshauri ajiunge kwanza na chama cha akina mama cha kuchangiana kila wiki, hata kwa shilingi hamsini. Faida yake haiko kwenye pesa tu. Kila Jumamosi kuna watu wanaomtarajia mahali, na asipofika watauliza.

Wanaume hawaji kwenye chama. Walinzi na madereva waliorudi kutoka Qatar na Emirati wako maskani, wanacheza bao, wanasema wako likizo. Likizo ya miezi minane. Vivyo hivyo vijana wasomi waliookolewa kutoka kambi za utapeli wa mtandaoni za Myanmar, waliorejeshwa nyumbani mwaka 2022 na tena 2025. Hao huona aibu kubwa zaidi kwa sababu walikuwa na digrii na bado walidanganywa. Kumfikia mwanamume hivi kunataka mwanamume mwenzake, kazi ya mikono ya kufanya pamoja, na subira. Tuna upungufu mkubwa wa wanaume wanaojitolea, na nalisema hili nikitumaini kuna anayesoma.

Anayebeba naye hubebwa

Serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 Septemba 2023, iliwapa mikoba, simu na posho. Ilikuwa ni kukubali kwamba kazi ya nyumba kwa nyumba haiwezi kusimama miaka yote juu ya moyo mtupu. Anayejitolea kwa waliotoka nje naye anahitaji nauli ya feri na matatu, muda wa hewani, na mtu wa kumweleza aliyoyasikia. Kikundi chetu tumejiwekea kikomo: nyumba tano kwa mtu mmoja, si zaidi. Kila mwezi tunakutana tunasimuliana bila kutaja majina. Mwenzetu mmoja alikuwa ameanza kumfungia bintiye wa miaka kumi na tisa asitoke nyumbani, kwa hofu ya aliyoyasikia. Hakujua anafanya hivyo mpaka alipojisikia akilisema mbele yetu.

Siri ndiyo sheria kubwa kuliko zote. Hakuna picha, hakuna kuposti, hakuna "nilikuwa kwa fulani leo". Mtaa ni mdogo, na siri ikivuja mara moja wanawake kumi watabaki ndani.

Anayetaka kwenda tena

Wako watakaoenda tena. Hili huwavunja moyo wafadhili, na mimi pia liliniumiza mara ya kwanza. Nilidhani nimeshindwa. Siku hizi naliona hivi: mwanamke mwenye watoto watatu na kibarua cha shilingi mia tatu kwa siku akipiga hesabu yake na kuamua, sina haki ya kumwita mjinga. Wajibu wangu ni kwamba safari hii aende akiwa na macho.

Mmoja wao alinijia mwezi wa Ramadhani. Tulitazama orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Ofisi aliyokuwa ameahidiwa na mtu haikuwemo, akaiacha, akatafuta nyingine. Mkataba tuliusoma mstari kwa mstari, mshahara, siku ya mapumziko, nani analipa tiketi ya kurudi. Dukani tulitoa nakala tatu za pasipoti na mkataba: moja ya mamake, moja yangu, moja ya mume. Nambari ya ubalozi wa Kenya Riyadh aliiandika kwa kalamu ndani ya upindo wa sidiria yake, kwa sababu simu hunyang'anywa na karatasi hutupwa.

Kisha tukapanga namna ya kuzungumza, maana mwajiri anaweza kuwa amesimama karibu. Akiuliza bei ya nazi, yuko salama. Akiuliza bei ya mkaa, nisimwulize kitu, nikate simu nianze kupiga kwingine.

Jumapili iliyopita alipiga saa nne za usiku. Aliwasalimia watoto, akamsalimia mamake, kisha akaomba simu nipewe mimi. Aliuliza bei ya nazi.